Mfanyakazi mwenye maltipo sklerosisi: ugumu wake kazini unapimwaje?

Afisa Rasilimali Watu, Posta
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ofisini kwetu yupo mhasibu aliyegundulika kuwa na maltipo sklerosisi (MS), ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Uongozi umeniagiza niandike taarifa ya namna ugonjwa unavyoathiri kazi yake, na nilichonacho ni barua ya daktari yenye alama 3 ya EDSS, kipimo cha kiwango cha ulemavu wa mgonjwa wa MS. Kwa kuwa anatembea vizuri bila fimbo, wapo wanaosema hana tatizo. Mimi namwona kila ikifika saa nane mchana akirudia safu ileile ya tarakimu, rula ikiwa chini ya mstari ili asipotee. Je, kuna njia ya kuaminika ya kupima ugumu wa namna hii?

Mtaalamu wa tiba kazi, Upanga
Ndugu Afisa, alama hiyo peke yake haitakufikisha mbali. EDSS, kama daktari wa mishipa ya fahamu John Kurtzke alivyoichapisha mwaka 1983, huanzia 0 hadi 10, na kuanzia 4 kwenda juu inategemea mno uwezo wa kutembea. Mwenye alama 6 ni yule anayehitaji fimbo ili afike mita 100. Mhasibu anaweza kutembea umbali huo bila shida na bado akashindwa kufunga hesabu za mwezi.

Lipo dodoso lililotungwa mahususi kwa mambo ya kazini, MSWDQ, lililoandaliwa nchini Australia na Cynthia Honan na wenzake. Lilitoka na maswali 50, kisha likafupishwa kuwa 23. Mgonjwa mwenyewe hueleza kila ugumu umemtokea mara ngapi katika wiki 4 zilizopita, kwa alama za 0 (haujatokea kabisa) hadi 4. Maswali yamegawanyika katika mafungu matatu: ya akili na hisia, kama vile kusahau, ya mwili, na vikwazo vya nje, vinavyotokana na mazingira ya kazi na maisha yanayoizunguka. Nakusihi usiishie kwenye jumla, kwa sababu watu wawili wenye jumla sawa wanaweza kuhitaji misaada tofauti kabisa. Soma kila fungu peke yake.

Ninaishi na MS, Tabata
Naomba niongeze jambo ambalo karatasi hailioni kwa urahisi. Joto la mwili likipanda, hata kidogo, nyuzi zilizokwisha kudhurika hupitisha taarifa kwa shida zaidi. Daktari wa macho Wilhelm Uhthoff alieleza tangu mwaka 1890 jinsi wagonjwa wa MS walivyopungukiwa na uwezo wa kuona kwa muda baada ya kufanya mazoezi. Mimi nikishuka kwenye basi la mwendokasi lililojaa mwezi wa Februari, maandishi kwenye kompyuta huwa na ukungu mpaka mwili upoe, na umeme ukikatika, kiyoyozi kikazima, hali hurudi. Mwezi wa Julai mtu huyohuyo atajibu dodoso hilo kwa namna nyingine. Kwa hiyo mpime zaidi ya mara moja, na mwulize pia ni saa ngapi za siku zinazomwelemea. Na tafadhali sana, asijaze mbele ya bosi wake. Anayeogopa kupoteza kazi ataandika 0 kila mahali.

Mwanasheria wa kazi, Kinondoni
Naunga mkono hilo la mwisho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi katika ajira. Dodoso lililojazwa libaki kwa mtaalamu, na uongozi upewe mapendekezo ya marekebisho ya kazi tu. Pateni ridhaa yake kwa maandishi kabla ya kuanza.

Afisa Rasilimali Watu, Posta
Nawashukuru sana. Nimezungumza naye leo, na amekubali kujaza akiwa na mtaalamu wa tiba kazi. Ameomba pia usuluhishi wa hesabu za benki (kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki) uhamishiwe asubuhi, na hilo halihitaji kusubiri alama zozote, kwa hiyo linaanza Jumatatu.