MJADALA: Sheria mpya za Texas, nani mwenye deni la kutuambia zimepita?

Mleta mada (Houston)

Wakuu, habari za majukumu. Kuna jambo huwa tunalizungumza msikitini, kanisani na kwenye vikao vya harusi, ila tunalizungumza maji yakishamwagika: sheria za jimbo letu.

Kwa walio nje ya Texas, niwaeleze kidogo. Bunge la hapa lina Seneti yenye watu 31 na Baraza la Wawakilishi lenye watu 150. Hukutana kwa kawaida miaka ya witiri tu, kwa siku 140, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mwaka 2025 lilianza Januari 14 likafungwa Juni 2. Katika muda huo iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000, na zaidi ya 1,200 ikapita. Usidhani ilipita taratibu, mmojammoja. Miezi ya mwanzo ni kama hakuna kitu, halafu Mei yote inamiminika, vikao vinakwenda hadi usiku wa manane. Bunge likifungwa, gavana ana siku 20: asaini, akatae kwa kura ya turufu, au anyamaze. Akinyamaza, mswada unakuwa sheria bila saini yake. Nyingi zinaanza kutumika Septemba 1.

Msimamo wangu ni huu. Jimbo lilazimishwe kutoa muhtasari wa kila sheria mpya kwa lugha nyepesi, na kwa lugha za wakazi wake wengi, Kiswahili kikiwemo, kabla sheria haijaanza kuuma. Mahakamani hakuna anayeachiwa kwa kusema "sikujua". Sasa kama kutojua si utetezi, aliyetunga ndiye adaiwe kutangaza. Asiyekubaliana nami aseme.

Fundi Mitambo (Dallas)

Mimi sikubaliani, na nitasema kwa nini.

Tovuti ya Bunge la Texas ni ya bure. Unafungua akaunti, unaingiza namba ya mswada, na kila unapopiga hatua unaletewa barua pepe: umepelekwa kamati gani, unasikilizwa lini, kura zilikwendaje, umefika kwa gavana au bado. Hujui namba? Fuatilia kwa mada: elimu, nyumba, leseni, uhamiaji. Mswada ukitoka kwenye kamati unawekewa na uchambuzi wa kurasa chache unaoeleza unabadilisha nini. Maandishi hayo ukiyaweka kwenye simu yanatafsiriwa, si vizuri sana, lakini unapata picha.

Tusisingizie lugha. Sisi hawahawa tunajua mchezaji gani wa Simba au Yanga kaumia goti kabla daktari hajamgusa. Tatizo letu ni kwamba siasa za jimbo hatuzipendi. Tunafuatilia Washington na Dodoma, Austin, makao makuu ya jimbo letu, hatuijui.

Mama Watatu (Houston)

Kaka Fundi, nina watoto watatu, kazi mbili, na wewe unaniambia nifungue akaunti.

Chukua mfano wa simu shuleni. HB 1481 (HB ni mswada ulioanzia kwa Wawakilishi, SB ulioanzia Seneti) unakataza wanafunzi wa shule za umma kutumia simu muda wote wa siku ya shule. Gavana Abbott aliusaini Juni 20, 2025, na ukaanza kutumika palepale. Haukungoja Septemba, kwa sababu mswada ukipata theluthi mbili ya kura katika mabaraza yote mawili unaweza kuanza mara moja. Shule zikapewa siku 90 kuandika utaratibu wao. Nani aliniambia hayo? Hakuna. Shule ilifunguliwa Agosti, wiki ya kwanza tu simu ya binti yangu ikachukuliwa, na barua niliyoletewa ilikuwa ya Kiingereza na Kihispania. Sheria yenyewe naiunga mkono, mtoto sasa ananitazama usoni nikiongea naye. Ila nilipaswa kujua kabla yake.

Mpangaji (Fort Worth)

Ndugu zangu, kuna mtego ambao Fundi hakuutaja. Miswada ya Texas mara nyingi huzaliwa pacha, mmoja Seneti, mwingine kwa Wawakilishi, maneno yaleyale na namba tofauti. Mmoja ukitangulia, mwingine unaachwa ufe. Mwaka 2025 mswada wa kuharakisha kesi za kuwaondoa watu kwenye nyumba ulikuwa HB 32 upande mmoja na SB 38 upande wa pili. Aliyekuwa akifuatilia HB 32 aliona umekwama, akalala usingizi. SB 38 ulipita, ukasainiwa, na tarehe yake ya kuanza ikawekwa Januari 1, 2026. Wenye nyumba walijua, wana chama chao na wanasheria wao Austin. Wapangaji tuna nini? Kundi la WhatsApp ambalo nusu ni matangazo ya kuuza magari.

Hapo bado sijataja mswada uliokufa Aprili ukafufuliwa Mei kama kipengele ndani ya mwingine.

Fundi Mitambo (Dallas)

Mpangaji, pacha anaonyeshwa kwenye ukurasa wa mswada wenyewe. Ni kubofya tu. Kuhusu vipengele vinavyohamishwa, hapo nakubali, namba haikusaidii, lazima usome maandishi.

Ila tuitazame hoja ya mleta mada kwa karibu. Anataka jimbo litangaze "zilizopita". SB 3 ulipita. Ulikuwa wa kupiga marufuku bidhaa za hemp (mmea wa jamii ya bangi, si katani ya mkonge) zenye THC, ile kemikali inayolevya, Naibu Gavana Dan Patrick aliusukuma kwa nguvu zake zote, na mabaraza yote mawili yakaupitisha. Juni 22, usiku wa mwisho kabisa wa muda wake, Abbott akaupiga turufu. Tuseme jimbo lingetangaza mapema Juni kwa lugha kumi kwamba mswada umepita, wenye maduka wangefunga na kutupa mali kwa ajili ya sheria ambayo haikuwahi kuwa sheria. Na turufu ya baada ya Bunge kufungwa haina wa kuitengua, wabunge wameshaondoka. Mara ya mwisho Bunge la Texas kuitengua turufu ya gavana ilikuwa 1979.

Kwa hiyo utangaze lini? Ukingoja turufu ziishe, umebakiwa na wiki kumi hadi Septemba 1, na sheria zaidi ya elfu moja za kutafsiri.

Mleta mada (Houston)

Wiki kumi zinatosha kwa serikali yenye bajeti kama ya Texas. Na sikusema watafsiri kila neno. Nimesema muhtasari. Zile zinazobadilisha jina la barabara waziache.

Kalamu Nyekundu (Austin)

Nyote mnabishania orodha, na orodha yenyewe inaonyesha nusu ya mambo.

Tangu 2001 Texas ilikuwa na sheria iliyowaruhusu vijana waliokulia hapa, hata wasio na hati za ukaazi, kulipa ada ya vyuo vya umma kama wakazi wengine wa jimbo. Mwaka 2025 uliletwa mswada wa kuifuta. Haukufika mwisho, Bunge likafungwa Juni 2, na waliokuwa wakifuatilia wakapumua. Juni 4 Wizara ya Sheria ya serikali kuu ikafungua kesi dhidi ya Texas. Siku hiyohiyo Texas ikakubaliana na mlalamikaji, jaji akaidhinisha, sheria ikazuiwa. Hakuna mbunge aliyenyoosha mkono. Ungekuwa na akaunti ishirini za Fundi, zisingekuletea chochote.

Upande wa pili kuna SB 4 ya 2023, ile ya polisi wa jimbo kukamata watu walioingia nchini bila kibali. Ilipita, ikasainiwa Desemba 18, 2023, ilipaswa kuanza Machi 5, 2024, mahakama ikaizuia. Machi 19 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiachia, na usiku uleule mahakama ya rufaa ikaifunga tena. Ilikuwa sheria inayotumika kwa saa kadhaa. Muhtasari wa mleta mada, uliochapwa miezi mitatu kabla, ungesema nini?

Mimi nataka kitu kingine: ukurasa mmoja wa jimbo unaoonyesha hali ya sheria leo hii, ukijumuisha amri za mahakama. Tafsiri itafuata. Ukitafsiri kitu kilichokwishapitwa na wakati, umesambaza uongo kwa lugha ya mama.

Msomaji wa Nairobi

Naingilia kidogo kutoka mbali. Huku Katiba, ibara ya 118, inalitaka Bunge lishirikishe umma. Hata hivyo mwaka 2024 Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, haukufafanuliwa na Bunge hadi mwananchi akauelewa. Ni vijana waliouchambua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakausambaza TikTok. Bei ya mkate ikaeleweka hadi kijijini, na Rais akakataa kuutia saini Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni. Watu walilipia kwa damu, sisemi kwa kujigamba. Nasema tu mkingoja serikali iwatafsirie, mtangoja sana.

Mleta mada (Houston)

Pole sana kwa yaliyowapata. Lakini ule ulikuwa mswada mmoja, na nchi nzima ilikuwa imekasirika. Hapa ni zaidi ya 1,200 na hakuna mwenye hasira.

Kwenye lugha, niongeze jambo. Kaunti ya Harris, yaani Houston, hutoa karatasi za kura kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Si kwa ukarimu. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya Marekani, kilichoongezwa 1975, kinailazimisha. Kifungu hichohicho kinataja Kihispania na lugha za watu wa asili ya Asia, za Wahindi Wekundu na za wenyeji wa Alaska, basi. Lugha ya Kiafrika haimo, hata tukijaa mji mzima. Kwa hiyo Fundi anaposema tujitegemee, ajue wenzetu hawajitegemei, wana sheria nyuma yao.

Mzee wa Amarillo

Wajukuu, mnajua mbunge wa Texas analipwa kiasi gani? Dola 600 kwa mwezi, na posho siku za kikao. Msomaji wa Nairobi akae chini kwanza. Mbunge wa malipo hayo ana kazi yake nyingine, uwakili au shamba, na ana siku 140 za kupitisha mambo ya watu zaidi ya milioni 30. Lazima ayarundike mwezi Mei. Hapa Amarillo jirani zangu wanatoka kiwanda cha nyama saa nane usiku. Mkitaka waweze kufuatilia, pigeni kelele Bunge likutane kila mwaka, taratibu.

Kalamu Nyekundu (Austin)

Mzee, shikamoo. Wengi hapa watakujibu kwamba bora wakutane mara chache, kila siku ya ziada ni sheria ya ziada.

Mama Watatu (Houston)

Mkimaliza kubishana nisikilizeni. Bunge lijalo linaanza Januari 12, 2027, lakini miswada inaanza kupokelewa Novemba 9, 2026, Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi. Nachukua shule. Mpangaji achukue nyumba, na Kalamu mahakama, kwa kuwa anazipenda. Kila Ijumaa, sauti ya dakika tatu kwa Kiswahili kwenye kundi. Fundi?

Fundi Mitambo (Dallas)

Nachukua leseni na biashara, na nitawafundisha kufungua akaunti. Hoja ya kulilazimisha jimbo bado naipinga.

Mleta mada (Houston)

Nami nitamwandikia mbunge wangu kuidai. Akijibu nitaleta barua hapa.