Mbwa wako wa kuwinda alikufaje? Tupeane uzoefu

Mkulima wa Tunduru: Wakuu, leo kapita kijana na mbwa mwekundu, masikio yamesimama, nikashindwa kuendelea na kazi. Nimemkumbuka mbwa wangu, jina lake Watasema.

Alimalizwa na dume la nguruwe pori, mahindi yakiwa yamebeba. Wenye mashamba kandokando ya pori mnajua, wakiingia usiku mmoja umelima bure. Watasema hakuwa wa kubweka ovyo. Ukimsikia, ujue nguruwe kasimamishwa. Siku hiyo alibweka bondeni kwenye matete, ikafuata kelele moja, kisha kimya. Mbwa wengine wakarudi wamefyata mikia. Nilimkuta kapasuliwa kuanzia ubavuni, utumbo uko nje, na bado anajivuta kuelekea alikokimbilia nguruwe. Nikavua shati, nikarudisha utumbo, nikamfunga, nikambeba begani. Njia nzima ananilamba shingo. Bwana mifugo anakaa kata nyingine, na pikipiki tuliipata jua limezama. Alikata roho kabla hatujavuka mto. Nilimzika chini ya mwembe, chakula nikakisusa. Watu wakasema, mwanamume mzima analilia mbwa!

Binti Rufiji: Pole sana kaka. Kinachouma zaidi ni kwamba hakuna anayekuja kukuhani.

Kisimani: Umeongea dada.

Mwana Liwale: Wangu aliuawa na mbung'o. Macho yaliingia ukungu mweupe, uso ukavimba, akawa anakula na bado anakonda. Majirani wakasema karogwa. Huo ni ugonjwa wa ndorobo, sindano ipo, ila uwahi.

Mhifadhi: Poleni, lakini kuwinda bila kibali ni kosa, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 iko wazi.

Mkulima wa Tunduru: Mkuu, mimi nalinda mahindi ya watoto wangu.

Mhifadhi: Kila anayekamatwa husema hivyohivyo.

Mjukuu wa Kilifi: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Babu aliwafuga mbwa wake mpaka walipokufa kwa uzee, na bado kila alfajiri walikuwa wanamsubiri mlangoni watoke.

Abuu Salma: Ndugu zangu, mbwa ni najisi. Kumbeba begani na kulambwa shingo?

Binti Rufiji: Ustadh, Surat al-Maida aya ya 4 inahalalisha windo la mbwa aliyefundishwa. Akikulamba unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mwacheni mwenzetu na msiba wake.

Mama Tatu, Serengeti: Mimi nasoma nalia. Bweha aliingia kwetu mchana kweupe, haogopi mtu. Mbwa wetu Tajiri akamkabili, akamuua, akabaki na jeraha la mdomoni. Tukamsifu kijiji kizima. Baadaye akaanza kujificha chini ya ghala. Maji anayasogelea, kumeza hawezi, ute unamtoka, sauti imebadilika. Mume wangu ndiye aliyemlea kwa maziwa tangu mama yake afe. Alimwita jina lake, Tajiri akamrukia. Mdogo wangu akaingilia kati, akang'atwa mkono. Vijana wakaja na mikuki. Mume wangu aligeukia ukutani, akaziba masikio.

Kisimani: Mdogo wako yuko hai?

Mwana Liwale: Mama Tatu jibu, tumeshika roho mkononi!

Mama Tatu, Serengeti: Yuko hai, anasoma. Tulimwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, tukakimbilia hospitali, akachomwa sindano zote.

Fundi Baiskeli: Kwetu tunapaka mafuta ya taa na kitunguu saumu.

Mama Tatu, Serengeti: Usimdanganye mtu! Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mtu haponi. Ni sabuni na sindano. Na mbwa achanjwe kila mwaka.

Mwana Liwale: Mkulima, chukua mwingine wiki hiihii, huzuni haitibiwi kwa kukaa.

Mjukuu wa Kilifi: Hapana, asubiri. Mbwa mpya atakuwa anaitwa kwa jina la marehemu, atachanganyikiwa.

Fundi Baiskeli: Achukue paka. Hatamdai nyama ya nguruwe.

Mzee Namtumbo: Kijana, jike langu limezaa, na linasimamisha nguruwe kweli. Njoo uchague, bei ni kuku mmoja.

Mkulima wa Tunduru: Shikamoo mzee. Kuna mwekundu?

Mzee Namtumbo: Marahaba. Wako wawili, dume na jike. Njoo kabla ya Ijumaa.