Kampuni imeleta mfumo mpya, imetugombanisha wenyewe kwa wenyewe, sasa inatunyima ovataimu

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la teknolojia. Kompyuta hazina kosa hapa.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya kusambaza vyakula hapa Tanga. Siitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Ghala kubwa liko Pongwe, depo ziko Muheza, Korogwe na Lushoto. Mabosi waliamua tuachane na Excel na madaftari, mauzo, manunuzi, stoo na uhasibu vyote viwe kwenye mfumo mmoja. Wazo zuri, na mimi nililishangilia, maana kufunga hesabu za mwezi kulikuwa adhabu.

Wakachagua watu kutoka kila idara, tukapewa cheo cha "kiongozi wa moduli", yaani msimamizi wa kipande cha mfumo kinachohusu idara yako. Cheo tu. Hakuna aliyepunguziwa kazi yake ya zamani, hakuna kibarua aliyeletwa kutushikia meza. Mchana unaandika invoisi na kukimbizana na ritani ya VAT ambayo TRA wanaitaka kufikia tarehe 20, jioni wenzako wakienda zao ndiyo unaanza kusafisha data.

Na asiyewahi kusafisha data ya stoo anadhani ni kubonyezabonyeza. Sukari ile ile ya kilo 50 ilikuwa na majina kibao, kila depo na lake. Mafuta ya kula stoo wanayahesabu kwa dumu, mauzo wanauza kwa katoni, sisi uhasibu tunayajua kwa lita. Kabla mfumo haujawashwa, idara hizo tatu lazima zikae zikubaliane kipimo kimoja na jinsi ya kukigawa. Bila hivyo, siku ya kwanza tu mfumo unakwambia una katoni mia, ukienda ghalani unakuta chupa mia. Programu haiwezi kukuamulia hilo. Wanaamua watu wenye muda, wanaosikilizana, na juu yao bosi mmoja mwenye kauli ya mwisho.

Bosi huyo hatukuwa naye. Meneja mauzo anavuta huku, meneja fedha anavuta kule, kamati ya mradi inaahirisha kikao. Mkurugenzi alikuja siku ya uzinduzi, akala biriani, akapiga picha, hatukumwona tena mpaka mambo yalipoharibika. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, basi washauri waliokodiwa kutufungia mfumo wakafuata usemi neno kwa neno: asubuhi wanashuka, wanatuonyesha slaidi, jioni wako njiani kurudi Dar. Ukiuliza habari ya dumu na katoni unaambiwa "iandike kwenye orodha ya hoja". Orodha ikarefuka, wa kujibu hayupo.

Lililotumaliza ni grupu la WhatsApp. Kila asubuhi meneja mradi anatupia jedwali lenye majina yetu: kijani, njano, nyekundu. Stoo wako nyekundu kwa sababu wanasubiri kitu kutoka uhasibu, uhasibu tunasubiri manunuzi, lakini jedwali halisemi hayo, linasema jina tu. Watu waliokuwa wanachangiana chai na mihogo wakaanza kuandikiana barua pepe, nakala kwa bosi. Dada mmoja wa manunuzi, aliyekuwa anajua kichwani masharti ya kila muuzaji, nani anakopesha siku ngapi, nani anakubali mzigo urudishwe, akachoka akaacha kazi. Hakuna aliyekuwa amemwambia ayaandike. Nani angemwambia? Wote tulikuwa tunakimbia rangi nyekundu.

Halafu, wakuu, wakauwasha mfumo wiki moja kabla ya Ramadhani. Ramadhani! Wakati sukari, unga, tende na mafuta vinatoka kuliko mwezi mwingine wowote. Tuliwaambia wasubiri Idi ipite, tukaitwa wapinga maendeleo. Na si kwamba jambo hili halijawahi kutokea duniani. Mwaka 1999 Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, ililazimisha mradi wa mfumo kama huu uliokadiriwa miezi 48 uishe kwa miezi 30, ikauwasha Julai, maduka yakiwa karibu kuagiza pipi za Halloween. Ikashindwa kupeleka oda za dola milioni 100 hivi, na pipi ziko ghalani. Tena wale walikuwa na hela.

Kwetu magari ya Lushoto yalilala Pongwe yamejaa mzigo kwa sababu invoisi zinagoma kutoka. Wenye maduka Ngamiani wakahamia kwa wapinzani wetu. Stoo wamerudi kwenye daftari kwa siri, na mpaka naandika hapa daftari hilo ndilo tunaloliamini.

Sasa malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu. Tumeomba chetu. Afisa utumishi anajibu kwa barua kwamba "viongozi wa moduli" ni sehemu ya menejimenti, kwa hiyo hatustahili. Menejimenti ya nani? Sheria inamtoa anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa wakubwa wa juu. Mimi nasimamia kompyuta. Likizo sijawahi kumsainia mtu yeyote.

Washauri wamelipwa, tena wamepewa na barua ya shukrani.

Wanasheria wa humu, naomba msaada kwenye jambo moja. Najua madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 60. Zinahesabiwa tangu mwezi ambao ovataimu haikulipwa, au tangu siku tuliyopewa barua ya kukataliwa? Barua tumeipata wiki iliyopita. Na je, tufungue wote kwa pamoja au kila mtu na fomu yake? Wenzangu wawili wa stoo wako tayari kusaini. Wa mauzo bado hatusalimiani nao.