Likizo ya Novemba: tuiache wiki 10, au tuigawe mwaka mzima?

Mama Sare, Kaptembwo, Nakuru

Hamjambo wazazi wenzangu. Naomba tulinganishe jambo hili tukiwa na hesabu mkononi.

Kalenda ya shule zetu Kenya ya 2025: muhula wa kwanza wiki 13, wa pili 14, wa tatu 9. Likizo ya Aprili wiki 3, ya Agosti wiki 3, halafu kutoka mwisho wa Oktoba hadi Januari wiki 10 nzima. Jumla masomo ni wiki 36 na likizo wiki 16.

Naona njia tatu. Ya kwanza, tuache ilivyo. Ya pili, shule ziende mwaka mzima: vipindi vinne vya wiki 9, na baada ya kila kipindi watoto wakae nyumbani wiki 4. Hakuna siku ya masomo inayoongezwa wala kupunguzwa, ni kugawa upya tu. Ya tatu, tubaki na mihula mitatu ila isawazishwe, wiki 12 kila mmoja, likizo ya Aprili wiki 4, ya Agosti 4, ya mwisho wa mwaka 8.

Mimi naegemea ya pili. Binti yangu alipofunga Gredi ya 4 alikuwa anagawanya namba bila kuhesabu vidole. Januari, kabla hawajafungua, nilimkalisha kando ya cherehani nikampa 84 gawa kwa 6. Akaandika 84, akanyamaza, kisha akaanza kuchora vijiti pembeni mwa daftari. Kimoja kimoja. Alipofika hamsini na kitu akapoteza hesabu, akafuta, akaanza upya. Sikumkemea. Wiki zile kumi nilikuwa nashona sare tangu alfajiri, maana Desemba na Januari ndiyo msimu wangu, na yeye alikuwa kwa jirani mbele ya runinga. Kaka yake wa kidato cha pili alishinda kwenye steji ya bodaboda. Wiki nne naweza kuzipangia. Wiki kumi zinanishinda, na kumpeleka mtoto kwa mwalimu wa kumfundisha nyumbani sina uwezo.

Nyinyi mnaonaje?

Mwalimu wa Nyando

Mama, nakuelewa. Watoto wa vijiti ninao darasani kila Januari.

Lakini mwaka mzima tumeshaujaribu. Shule zilifungwa Machi 2020. Oktoba wakarudi Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 peke yao, na wengine wote Januari 2021. Ili kufidia muda, wizara chini ya hayati Profesa Magoha ikaibana kalenda: mihula minne ndani ya 2021, minne tena ndani ya 2022, mpaka tukarudi kwenye kalenda ya kawaida Januari 2023. Kuna likizo katikati hapo zilikuwa za wiki moja tu. Unafunga Ijumaa, unasahihisha, unaandika ripoti, na kabla hujafua nguo umeitwa kazini.

Wakati huo nilikuwa shule ya bweni. Kufikia Oktoba na Novemba 2021 mabweni yalikuwa yanachomwa sehemu nyingi nchini, na wizara ikalazimika kutoa siku chache za kupumzika katikati ya muhula, Novemba, ambazo hazikuwa kwenye ratiba. Kwetu halikuungua, Mungu ashukuriwe. Lakini tulizunguka na tochi kila usiku, zamu kwa zamu, na asubuhi unaingia kufundisha watoto ambao nao hawajalala. Nilimwuliza mmoja wa kidato cha tatu, kijana mpole sana, kwa nini haandiki. Akanijibu, “Mwalimu, nataka tu kuona mamangu.” Alikuwa ameonana naye siku nane tangu Mei.

Najua pendekezo lako lina wiki 4 za likizo, si moja. Hofu yangu ni kwamba serikali ikishazoea kukata likizo vipandevipande, kipande ni rahisi kumegwa.

Halafu kuna mtihani. KCSE, ule wa kumaliza sekondari, huandikwa Novemba. Madarasa yanageuka vyumba vya mtihani, walimu wanasimamia, wengine wanaenda kusahihisha hadi Desemba. Wadogo wakiwa shuleni wakati huo watafundishwa na nani, na wakae wapi?

Muuguzi, Kisumu

Nichangie kidogo, kwa sababu niliwahi kufanya kazi Marekani miaka sita na wanangu walisoma huko.

Likizo yao ya kiangazi ni kama wiki 10, karibu sawa kabisa na yetu ya Novemba. Watu husema iliwekwa ili watoto wasaidie shambani, lakini historia yake si hiyo. Zamani shule za vijijini kule zilisomesha wakati wa baridi na wakati wa kiangazi, na watoto walibaki nyumbani masika kwa kupanda na vuli kwa kuvuna. Za mijini zilifunguliwa karibu mwaka mzima. Likizo ndefu ya kiangazi ilikuja baadaye, mijini kulipokuwa na joto kali na wenye uwezo wakihama miji.

Mpango unaokaribiana na wa Mama Sare wanaufahamu, huuita 45-15: siku 45 darasani, siku 15 nyumbani, ambazo ni wiki 9 na wiki 3. Shule za Valley View, Illinois, ziliuanza 1970, hasa kwa sababu madarasa hayakutosha, wakawagawa watoto makundi ili kila wakati kundi moja liwe nyumbani.

Kuhusu kusahau, watafiti Karl Alexander na Doris Entwisle waliwafuata watoto wa Baltimore walioanza darasa la kwanza 1982. Waliona kwamba wakati wa masomo mtoto wa maskini na wa tajiri waliendelea karibu sawa, na pengo likapanuka zaidi wakati wa likizo. Hiyo ndiyo hadithi ya binti yako kando ya cherehani. Ila miaka ya karibuni Paul von Hippel alirudia hesabu hizo kwa mitihani mipya na hakuliona pengo lile waziwazi. Na kaunti ya Wake, North Carolina, ambako shule nyingi ziligeuzwa kuwa za mwaka mzima, alama za wanafunzi kwa wastani hazikupanda. Siku za masomo ni zilezile, zimesogezwa tu.

Kwa hiyo usitarajie kalenda peke yake imfundishe kugawanya. Anachokosa mtoto ni mtu wa kukaa naye na kitabu, iwe wiki 4 au 10.

Mahindi Tongaren

Ninyi wa mjini mnazungumzia likizo kama kitu kitupu. Kwangu Novemba ni kazi.

Sisi hupanda mvua ya Machi na Aprili ikianza, na mahindi ya huku hukaa shambani muda mrefu. Kuanzia Oktoba tunakata, Novemba tunavunja, tunapukuchua, tunaanika. Kuanika ndiko kunakotaka watoto. Mahindi yako kwenye turubai uani, jua kali, na saa nane wingu linatokea upande wa Mlima Elgon. Una dakika kumi. Mke wangu ananyanyua pembe moja, watoto watatu wanakimbilia zile nyingine, tunakunja, tunafunika, na matone ya kwanza yanaangukia mgongoni. Mahindi yakilowa yakarudi kwenye gunia yanaota kuvu ya sumu, na bodi ya nafaka inayapima unyevu kabla ya kuyapokea. Hilo ndilo linalolipa karo ya Januari.

Wiki 4 mwezi wa Machi zitanisaidia nini? Watoto watakaa wakinitazama nikingoja mvua.

Baba Watatu, Nyalenda

Mimi nasema la pesa tu. Karo ya sekondari hulipwa kwa mafungu, asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Ule mzigo wa Januari hunilaza macho. Ikiwa vipindi vinne vitaleta mafungu manne sawa, mimi ninapiga kura leo. Lakini nina mmoja anasoma bweni Nakuru, na kila kufunga na kufungua ni nauli. Matatu za Kisumu siku ya kufungua shule mnazijua, bei inapanda ukiwa umesimama pale pale. Safari za mwaka zikiongezeka, nilichookoa kwenye karo kinaishia barabarani.

Na hii likizo ndefu tayari inaliwa. Sheria ya elimu ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo, lakini shule moja ambayo sitaitaja ilituita Novemba, ikabadilisha jina ikaiita kambi, ikatoza shilingi 3,500 kila mtoto. Ambaye hakulipa mtoto wake alikaa nje ya darasa. Wangu alikaa nje siku mbili.

Mwana wa Sirisia

Agosti msiiguse tafadhali. Mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ni tohara kwetu Bungoma. Kijana anazunguka na chinyimba, kengele za mkononi, kuwaalika wajomba na shangazi, umbali wa siku nzima kwa miguu wakati mwingine. Kisha anatakiwa kupona na kufundishwa na wazee. Wiki 3 tayari ni finyu, tumeona vijana wakirudi darasani wakitembea kwa shida. Njia ya tatu inatupa wiki 4, nami naipenda kwa hilo.

Mwalimu wa Nyando

Nimesahau mafuriko, na siyo jambo la kusahau huku uwanda wa Kano. Mwaka 2024 shule zilipangiwa kufunguliwa Aprili 29. Zilifunguliwa Mei 13. Kwetu hata hiyo Mei madawati yalikuwa na mstari wa tope hadi usawa wa kiti, na familia zilikuwa bado zimelala kwenye madarasa mawili ya chini. Likizo ya Aprili ikiwa wiki 4 badala ya 3, angalau mtoto anakaa nyumbani wiki moja zaidi msimu wa mvua. Kwa hiyo baada ya kuwasikia nyote, nami nasogea kwa ya tatu. Wiki 14 za muhula wa pili kwa kweli ni ndefu mno, wiki mbili za mwisho hufundishi, unachunga tu.

Mama Sare, Kaptembwo, Nakuru

Nimesoma yote mara mbili. Asante, Muuguzi, ulichosema kimenigusa kuliko vyote. Nilikuwa nimeitwika kalenda kazi yangu.

Ya pili naiachilia. Sikufikiria mtihani wa Novemba, na sikujua kuhusu mahindi kulowa, mimi ni mtu wa kitambaa. Nitaipeleka ya tatu kwenye mkutano wa wazazi: 12, 12, 12, na likizo 4, 4, 8. Na nitaomba jambo moja zaidi, kwamba maktaba ya shule ifunguliwe asubuhi tatu kwa wiki wakati wa likizo, bila malipo, bila kuiita kambi. Tayari wazazi wawili wa mtaani wamekubali kukaa na watoto kwa zamu. Binti yangu naye tumeanza: jioni nikikata kitambaa anagawanya mita. Meta 84 kwa sare 6, kila sare ngapi? Jana alisema 14 kabla sijamaliza kuuliza.

Swali langu kwa Baba wa Tongaren. Kwa hesabu hii muhula wa tatu utaisha wiki ya kwanza ya Novemba, si mwisho wa Oktoba. Je, utakuwa umechelewa?

Mahindi Tongaren

Kukata nitakata na vibarua, hilo si la watoto. Kuanika naanza katikati ya Novemba, mvua zikipungua. Wakiwa nyumbani kufikia tarehe 10, turubai lina watu wa kulishika. Andika jina langu.