Mjadala: DC bado anazihitaji zile saa 48?

Wadau, tulijadili hili bila ushabiki wa vyama.

Hapa Tanzania, kifungu cha 15 cha Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 kinampa mkuu wa wilaya (DC) mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Zikiisha kabla hajafikishwa mahakamani, anaachiwa. Mimi nasema mamlaka hayo yafutwe.

Tumeshazoea. DC kafika kukagua zahanati, kuta zimeishia kwenye lenta, mafundi hawaonekani, wananchi wamejaa na waandishi wapo. Mkandarasi anaanza kujieleza, hata hajafika mbali, DC anamgeukia mkuu wa polisi wa wilaya: "OCD, mchukue huyo." Vigelegele! Mkandarasi analala sero, zahanati inabaki kwenye lenta.

Sasa isomeni sheria yenyewe. Inataka mtu awe ametenda kosa la jinai, au awe tishio kwa amani na hakuna namna nyingine ya kumzuia. Kuchelewesha jengo kunaingia wapi hapo? Ni suala la mkataba, na aliyeingia mkataba ni halmashauri, ambako afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha, ni mkurugenzi. Mkandarasi akichelewa anakatwa fidia ya ucheleweshaji, akizidi mkataba unavunjwa. Na pengine hajalipwa! DC angelijua hilo kama angemuuliza mkurugenzi kabla ya kumgeukia OCD.

Jibu la wanaoyatetea mamlaka haya nalijua: wakulima na wafugaji wakishikiana mapanga, kama yalivyowahi kutokea Kilosa, nani asubiri taratibu? Hoja nzito, siibezi. DC ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na likiharibika ndiye anayeamshwa usiku. Lakini OCD naye yumo kwenye kamati hiyo hiyo, na polisi hawahitaji amri ya DC kumkamata mchochezi. Tena polisi kipimo chao cha kawaida ni saa 24. Kwa nini mteule wa Rais, ambaye si lazima awe na mafunzo ya upelelezi, apewe mara mbili yake? (Na tusidanganyane, huyu huyu anaingia kwenye kamati ya siasa ya wilaya ya CCM, chama tawala. Mpinzani akiwekwa ndani, nani ataamini ni usalama tu?)

Kazi inayomhitaji DC kweli haina makofi. Barabara iko TARURA, maji RUWASA, umeme TANESCO, na hakuna hata mmoja kati yao anayewajibika kwa mkurugenzi wa halmashauri. Zahanati ikikamilika halafu ikakosa maji na nguzo ya umeme, mwenye uwezo wa kuwakalisha wote meza moja wilayani ni DC. Hapo ndipo ningependa kumwona mkali.

Mliowahi kufanya kazi ofisi ya DC au kwa katibu tawala wa wilaya (DAS), tuambieni: ni jambo gani saa 48 zilitatua ambalo OCD asingeliweza mwenyewe?