Kwanini volkano za ufa mmoja zinatoa mawe tofauti hivi?

jiwe_kavu
Wakuu, naomba kueleweshwa, kitu hiki kimenikaa kichwani wiki nzima. Oldoinyo Lengai inatoa lava nyeusi nyepesi kama oili chafu afu baada ya siku chache imegeuka nyeupe. Nyiragongo lava yake inakimbia, 2002 iliingia mpaka Goma mjini. Olkaria kule Kenya kuna obsidiani, kioo cheusi, yaani lava nzito iliyogoma kutembea. Erta Ale kule Ethiopia basalti tu, lile jiwe jeusi la kawaida la volkano. Si zote ziko kwenye bara moja linalopasuka? Sasa kemia inatofautianaje hivyo?

kokoto_nyeusi
Swali zuri mkuu. Kwanza toa wazo kwamba ufa unawasha moto huko chini, manto, yaani tabaka nene la miamba chini ya gamba la juu la dunia, ina joto la kutosha tayari (na chini ya Afrika Mashariki limezidi kawaida), kinachoizuia isiyeyuke ni mgandamizo wa miamba iliyo juu yake. Bara likivutwa linakuwa jembamba, manto inapanda, mgandamizo unapungua, basi kidogo kinayeyuka. Hicho "kidogo" ndo kila kitu.

Chukua nguo inayochuja rangi. Iloweke kwenye kikombe kimoja cha maji, maji yanakuwa wino. Iloweke kwenye pipa, rangi ileile huioni. Sodiamu, potasiamu, floraidi, kaboni, hizo ndo rangi, zinawahi kuingia kwenye uji wa kwanza kabisa. Pale bara bado nene, mfano pembeni ya kratoni ya Tanzania (kipande cha bara cha kale na kigumu) ambayo mizizi yake inapita kilomita 150, kinayeyuka kiasi kiduchu na kinatoka kimejaa magadi na kaboni dayoksaidi, silika haba. Nyiragongo nayo silika haifiki asilimia 40, na silika ndo gundi ya lava, ndo maana ile inakimbia. Afar, kule kwa Erta Ale, gamba limebaki kama kilomita 20 hivi, kimeyeyuka kingi, rangi imetawanyika, unapata basalti inayokaribia ile ya chini ya bahari.

fuwele
Hapo kwa Olkaria kokoto umeruka. Hiyo sio habari ya kuyeyuka peke yake. Basalti ikikwama ndani ya gamba inapoa polepole, fuwele zenye chuma na magnesi zinatuama chini, kinachobaki juu kinazidi kuwa na silika mpaka inapita asilimia 70, ndo hiyo rioliti, jiwe la obsidiani ya Olkaria. Menengai, volkano nyingine ya Kenya, iliishia njiani, kwenye trakiti, ambayo silika yake ni pungufu kidogo. Ila kuna kitu kinanikera, mawe ya kati ya basalti na trakiti ni machache mno! Basalti zipo, trakiti na rioliti zipo, katikati kama pamefagiliwa. Ndo ugomvi ulipo, wengine wanasema rioliti ni masalia ya basalti, wengine wanasema gamba la kale lenyewe limeyeyushwa. Mimi naona vyote viwili, na uwiano unabadilika volkano hadi volkano.

jiwe_kavu
Sawa nimekupata, na Lengai weupe wake unatoka wapi?

kokoto_nyeusi
Lava ile silika karibu hakuna, ni kabonati za sodiamu na kalsiamu. Joto lake nyuzi 500 hadi 600 tu wakati basalti inapita 1100, mchana unaweza kuiangalia inatiririka ukadhani ni tope, wekundu wake hafifu utauona usiku. Ikishapoa madini yake yanavuta unyevu wa hewani yanavunjika, ndo inapauka, na mvua ikiipata ni fasta zaidi. Ila msidanganyike, mlima wenyewe sehemu kubwa ni nefeliniti na fonoliti, mawe ya silika yenye sodiamu nyingi, hiyo nyeusi ni kidogo. Wengi wanaona ilijitenga na magma (uji wa mawe ulio bado chini) ya silika kama mafuta yanavyojitenga na maji.

kisima_kirefu
Mimi wa maji, mawe siyajui sana, ila floraidi mliyoitaja ndo hiyohiyo inayotusumbua kwenye visima vya ukanda wa ufa. Mvua inapita kwenye majivu na lava za aina hiyo, inaokota floraidi, na watoto wanaokunywa maji hayo meno yanaota na madoa ya kahawia. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, kuna visima vinapita mbali sana. Wengine wanachuja kwa mkaa wa mifupa, unanasa floraidi vizuri tu, shida watu wanausahau kwenye chujio mpaka unachoka na maji yanaendelea kuonekana safi vilevile.

jiwe_kavu
Duh. Na kisima kilichochimbwa pembeni ya basalti tupu je, kina nafuu?

kisima_kirefu
Mara nyingi ndiyo, ila pima. Maji ya chini yanatembea, hayajui jiwe la jirani ni la nani.