Mama wa watu kaimbishwa wimbo wa taifa ndani ya nchi yake kisa ni mweusi! Na nyie mnaosema "Mexico hakuna weusi" nina ugomvi na nyie pia

Wakuu, heshima kwenu.

Nina donge kooni tangu juzi na usingizi hauji, kwa hiyo nitaandika kirefu. Asiyependa uzi mrefu apite.

Naishi Puebla, Mexico, mwaka wa nne huu, nafundisha Kiingereza watoto. Sijaja hapa kuisema vibaya nchi ya watu. Majirani zangu hawapiki mole, ule mchuzi wao mzito wa pilipili, bila kunigongea mlango na sahani. Ule mlima Popocatépetl ukitema jivu usiku, mama wa chini ndiye anayepanda juu ya paa kuanua nguo zangu kabla mimi sijaamka. Asije mtu kuniambia "kama hupapendi rudi kwenu". Napapenda, na ndiyo maana hili limeniuma hivi.

Mwisho wa Oktoba nilikwenda Cuajinicuilapa, tamka Kwahinikwilapa, wenyewe wanafupisha wanasema Cuaji. Ni mji wa jimbo la Guerrero, kwenye ukanda wanaouita Costa Chica, ile pwani ya Pasifiki kutoka Acapulco kushuka hadi jimbo la Oaxaca. Nilikuwa nasikia tu kwamba huko wako Wamexico weusi, nikasema sikukuu ya wafu mwaka huu naila huko.

Wakuu, mimi ni mtu wa Tanga. Stendi ya Cuaji kuna mama anauza embe lililochanjwa, chumvi, pilipili ya unga, ndimu juu yake, kwenye kifuko cha nailoni. Embe hilo nimelila nje ya geti la shule ya msingi miaka saba. Pembeni yake kuna mitungi mikubwa ya kioo, mmoja juisi ya choya, wao wanaiita jamaica, mwingine ukwaju, inachotwa kwa upawa. Minazi kila upande. Wazee wamekaa barazani na feni haifanyi kazi. Binti mmoja kanipita na beseni kichwani, shingo imenyooka, nikajikuta nimesema "shikamoo" kwa mama aliyekuwa nyuma yake. Imetoka yenyewe.

Usiku wa tarehe 1 Novemba wakatoka Mashetani, ngoma yao ya kuwapokea wafu. Vinyago vya ngozi vyenye pembe, ndevu za singa za farasi, wamejipanga safu mbili, wameinama wanapiga miguu chini kwa nguvu mpaka vumbi linafunika taa. Kati yao kuna mwanamume aliyevaa gauni wanamwita Minga, anakimbiza watu na mdoli mkononi. Vyombo ni vitatu tu: kinanda cha mdomo, taya la punda ambalo meno yake yanalia yakisuguliwa, na kibuyu kilichowambwa ngozi chenye kijiti katikati. Mpigaji anakisugua kile kijiti kwa vidole, kibuyu kinanguruma kama simba yuko nyuma ya nyumba. Nilisimama karibu kabisa, ule mngurumo niliusikia kwenye mbavu.

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Tarehe 3 napanda basi la asubuhi kwenda Acapulco, niunganishe kurudi Puebla. Barabara ni ile namba 200 inayofuata pwani. Kiti cha pembeni kakaa mama mmoja wa pale pale Cuaji, umri wa miaka sitini na kitu, nitamwita Doña tu, yaani Bibi. Anakwenda kwa binti yake. Mapajani ana ndoo ya plastiki yenye mfuniko, imejaa tamale za tichinda, wale kome wadogo wanaong'ang'ania mizizi ya mikoko, wanafungwa na unga wa mahindi kwenye majani wanapikwa kwa mvuke. Tukapiga soga. Ananiita mija, mwanangu. Akaniuliza Afrika kwetu tunapika samaki na nini, nikamwambia nazi, akapiga kofi kwenye mfuniko wa ndoo kwa furaha.

Mwendo wa saa moja hivi basi likasimamishwa. Wakaingia maafisa wawili. Sitaji ni wa idara gani. Wakaanza kutembea kati ya viti. Hawakuwa wanakagua kila mtu, wakuu, hilo lishikeni. Walikuwa wanaangalia ngozi. Nyuma yetu viti viwili kulikuwa na vijana wawili wazungu, mabegi ya mgongoni, Kihispania chao cha kubabaisha, hawakuulizwa hata tiketi.

Wakasimama kwangu. "Karatasi." Nikatoa kadi ya ukaazi. Kijana akaigeuza mbele na nyuma. "Haiti?" Nikajibu Tanzania. Akanirudishia. Haikufika dakika moja.

Akamgeukia Doña.

Doña akatoa kadi ya mpiga kura, ambayo huku ndiyo kitambulisho cha kila kitu, benki, hospitali, kila mahali. Yule kijana akaikunja kidogo kama anapima ugumu wake. Akaikwaruza pale kwenye picha kwa ukucha wa dole gumba. Akainyanyua dirishani ipigwe na jua.

"Umeinunua wapi?"

"Ni yangu, jefe (mkuu). Mimi ni wa Cuaji."

"Wa Cuba?"

"Cuaji. Cuajinicuilapa. Hapo nyuma tulikotoka."

"Imba wimbo wa taifa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Doña hakushangaa. Alinipa ndoo nimshikie, akasimama. Injini ilikuwa haijazimwa na basi linatetemeka, kwa hiyo mkono wa kushoto kashika kiti cha mbele, wa kulia kaulaza kifuani kiganja kimeangalia chini, vilevile watoto wa shule huku wanavyosalimia bendera kila Jumatatu. Akaimba. Sauti haikutetemeka. Kaimba kiitikio, kaimba ubeti, abiria arobaini wamejifanya wanatazama simu na mapazia. Alipoanza kurudia kiitikio kijana akamkatiza, akamwuliza gavana wa jimbo ni nani. Akajibu. Akamwuliza rangi za bendera. Mtu mzima huyo, ana wajukuu, anaulizwa rangi za bendera. Halafu wakashuka na kadi yake, tukakaa dakika ishirini na tano juani mpaka walipoirudisha bila neno la samahani.

Mimi mgeni, mwenye karatasi ya kuombaomba kila mwaka, dakika moja. Yeye mwenye nchi, nusu saa na wimbo.

Na mimi sikusema kitu. Niliiogopea kadi yangu. Hilo nalo linaninyima usingizi.

Basi lilipoondoka akachukua ndoo yake akafungua mfuniko, akanipa tamale, ndipo akaniambia taratibu: "Mija, hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza maneno yalinipotea kwa woga, wakanishusha, nikabaki barabarani mpaka jioni. Tangu siku hiyo nikipika nauimba jikoni, nisije nikausahau tena."

Someni tena hapo. Mwanamke anafanya mazoezi ya wimbo wa taifa jikoni kwake ili siku moja asije akafukuzwa nchini kwake.

Hao maafisa walikuwa wamesimama kwenye ardhi ya jimbo gani? Guerrero. Limeitwa hivyo kwa heshima ya Vicente Guerrero, mpigania uhuru mwenye damu ya Kiafrika aliyekuja kuwa rais wa nchi hii, na ndiye aliyetangaza kufutwa kwa utumwa mwezi Septemba 1829. Marekani jirani yao walisubiri mpaka 1865. José María Morelos, yule padri aliyeongoza vita vya uhuru, naye alikuwa na asili hiyo. Kila usiku wa tarehe 15 Septemba, mkesha wa sikukuu ya uhuru, majina yao yanapigiwa kelele za "viva" kwenye viwanja vya nchi nzima, nimesimama nao kiwanjani Puebla nikapiga kelele nao. Jina la babu linashangiliwa, mjukuu anaambiwa aimbe athibitishe hajatoka Cuba.

Hapa Puebla nikipanda gari nikaupita kidogo mji wa Córdoba nafika mji unaoitwa Yanga. Gaspar Yanga alikuwa mtumwa aliyetoroka, akaongoza watoro wenzake kwenye milima ya jimbo la Veracruz kwa miaka mingi. Mwaka 1609 Wahispania walimtumia jeshi, hawakumweza, mwishowe wakakubali watu wake wawe na mji wao huru. Ulikuwa ukiitwa San Lorenzo de los Negros, tangu 1932 unaitwa kwa jina lake. Uhuru wa mji huo ulikuja karibu miaka mia mbili kabla ya Mexico yenyewe kuwa huru. Nimewauliza walimu wenzangu watatu kazini, watu wenye digrii. Mmoja tu ndiye aliyewahi kusikia.

Na msiseme ni suala la sheria kukosekana. Katiba ilirekebishwa 2019 kuwatambua Wamexico wenye asili ya Afrika. Sensa ya 2020 ikawauliza kwa mara ya kwanza, wakajitaja watu 2,576,213, asilimia mbili ya nchi. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kesi ya ndugu watatu wa kabila la Watzeltal kutoka jimbo la Chiapas, Wamexico wazawa, walioshushwa kwenye basi wakidhaniwa ni wa Guatemala. Ikatamka kwamba vifungu vya sheria ya uhamiaji vinavyoruhusu ukaguzi wa namna hiyo ndani ya nchi vinakiuka Katiba, kwa sababu kinachofanyika kweli ni kuchagua watu kwa sura. Imeandikwa. Na bado mama kasimamishwa. Zimewahi kusimuliwa hadharani hata kesi za Wamexico weusi waliosafirishwa kwa nguvu hadi Honduras na Haiti, nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga.

Sasa nyie ndugu zangu wa Kiswahili.

Kuna video zinazunguka kwenye magrupu, mtu kafika Cancún, mji wa watalii, wiki mbili, kaegemea mnazi wa hoteli: "Huku mimi ndiye mweusi pekee, wananishangaa kama nyota." Na comments mia nne za kumsifia. Kuna mwingine alileta uzi hapahapa akaandika kwa herufi kubwa kwamba Mexico haina weusi, ukiwaona ni wakimbizi wanasubiri kuvuka mpaka. Mnajua mnachofanya? Mnarudia maneno yaleyale ya yule kijana kwenye basi. Yeye ana sare, nyie mna simu, maneno ni yaleyale.

Na wakimbizi wenyewe mnawataja kwa dharau ya nini? Tapachula, kule mpakani na Guatemala, walifika Wakongo wengi, na baadhi yao Kiswahili ndiyo lugha yao kama wewe. Mwaka 2019 watu wa Kongo, Cameroon na Haiti walikwama pale miezi, wengine wakilala nje. Hao si mfano wa kumtisha mtu kwenye uzi. Hao ni jamaa zetu.

Halafu hii pwani yetu tunayojivunia. Merikebu za Wahispania kutoka Manila, Ufilipino, zilikuwa zinatia nanga Acapulco kuanzia 1565 hadi 1815, zinaleta hariri, vyombo vya udongo na watumwa. Baadhi ya watumwa hao walitolewa Msumbiji, wakapitishwa Goa, wakapitishwa Manila, wakavuka Pasifiki nzima. Wengi zaidi waliletwa Veracruz kutoka upande wa magharibi wa Afrika, hilo sikatai. Lakini Msumbiji ni ng'ambo ya Mto Ruvuma, wakuu. Mtu wa Mtwara anaoa huko. Tunawezaje kusimama Cancún na kusema hapa hatupo?

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, nijibu machache.

Aliyesema "wanatafuta wahamiaji haramu, wanafanya kazi yao": kadi ya mpiga kura ilikuwa mkononi mwake. Kazi iliishia hapo. Kilichofuata hakikuwa kazi.

Aliyeniuliza kwa nini sikurekodi: kwa sababu niliogopa, nimeshasema. Namba ya basi na saa nimeandika kwenye tiketi.

Aliyesema hata kwetu Wamakonde na Wahangaza wa mpakani wanaulizwa maswali hayo hayo: ni kweli, na ni uchafu uleule. Fungua uzi, nitakuja kuunga mkono.

Kwa mnaoishi huku: Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu inapokea malalamiko bure, hata shahidi anaruhusiwa kupeleka, ila isipite mwaka mmoja. Mimi nimeshapeleka la kwangu kama shahidi. Doña nilimpigia jana kumwomba ridhaa. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia redio yake, nikasikia sufuria. Akaniuliza kama jina lake litaonekana. Nikamwambia hapana kama hataki. Akasema, "Basi liandike. Liandike lote, na la baba yangu pia."

Ukiwa umepita barabara namba 200 ukaona mtu anaimbishwa, nitumie ujumbe: tarehe, saa, namba ya basi. Hayo matatu tu yanatosha kuanzia.